Mtungi umeandikwa dakika 45, mbona filimbi imelia dakika ya 13?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Nipo kwenye timu ya dharura ya kiwanda cha magodoro hapa Dar. Tuna seti sita za kupumulia, mitungi ya nyuzi za kaboni ya lita 6.8, presha ya bar 300. Juzi tulifanya zoezi kwenye kontena la moshi, mwenzangu filimbi ya kuonya kwamba hewa inakaribia kuisha ikamlilia dakika ya 13 tu, mimi nikafika dakika ya 22, na muuzaji alituambia mtungi mmoja ni dakika 45. Msimamizi anasema mtungi wa mwenzangu mbovu au oksijeni imeshaharibika maana ilijazwa mwaka jana. Mwenzangu ana ndevu, anasema hazina shida kwa sababu hewa inasukuma kutoka nje, moshi hauwezi kuingia. Halafu kitu kidogo, hewa ya ile mitungi ina harufu ya mafuta kwa mbali, na baada ya zoezi wawili wetu kichwa kiliuma mpaka usiku. Kompresa tunayojazia ipo nyuma karibu na jenereta. Je tununue mitungi mipya?"

JIBU:

Marahaba mdogo wangu. Naanzia mwisho wa swali lako, kwa sababu hicho ulichokiita kitu kidogo ndicho kilichonifanya niache kazi nyingine nikujibu. Harufu ya mafuta, kichwa kuuma, kompresa karibu na jenereta. Ukiona hayo matatu yamekaa pamoja, mitungi yote sita inafungiwa leo hii, hakuna kuvaa hata kwa zoezi, bandika karatasi ya USITUMIE kwenye kila mmoja mpaka hewa ipimwe. Ya dakika 13 na dakika 45 tutayafikia, yana majibu yake, lakini hayakimbii.

Kompresa haitengenezi hewa, watu wengi hawalifikirii hili. Inavuta hewa iliyopo pale pale ilipowekwa na kuibana mara 300. Kama jenereta inatoa moshi wake hatua chache kutoka kwenye mdomo wa kuvutia hewa basi moshi ule umeujaza kwenye mtungi kwa mikono yako mwenyewe. Na kilichomo kwenye moshi wa jenereta kinachonitisha ni kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Haina rangi wala harufu. Kwa hiyo usije ukafikiri harufu ya mafuta ndiyo sumu yenyewe na kwamba siku isiposikika mko salama. Harufu inakuambia tu kwamba filta haifanyi kazi yake, na filta isiyozuia mafuta sina sababu ya kuamini kwamba inazuia kilichobaki. Kaboni monoksaidi inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, inakaa kwenye nafasi ya oksijeni na haitoki haraka. Mtu anavuta hewa vizuri kabisa, kifua kinapanda na kushuka, huku mwili unakosa oksijeni. Kichwa kuuma ndiyo salamu yake ya kwanza.

Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia, EN 12021, kinataka kaboni monoksaidi isizidi sehemu 5 kwa milioni, kaboni dayoksaidi isizidi 500 kwa milioni, mafuta yasizidi nusu miligramu kwa kila mita moja ya ujazo, na hewa isiwe na harufu ya maana. Hewa yenu imeshafeli kwa pua tu, kabla ya kipimo chochote.

Sasa hiyo filta. Ndani ya kopo la filta ya kompresa mara nyingi kuna vitu vitatu, kuna chembe za kukausha maji, kuna mkaa maalumu wa kunasa mafuta na harufu, na kuna kitu kinaitwa hopkalaiti ambacho kinageuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi. Hopkalaiti haipatani kabisa na unyevu, ikilowa imekufa, na ukiitazama huoni tofauti yoyote. Hapo ndipo sisi wa pwani tunapoumia. Yale masaa ya kubadilisha filta yaliyoandikwa kwenye kitabu mara nyingi yamepigiwa hesabu ya hewa ya nyuzi joto 20, na hewa ya nyuzi joto 35 iliyoshiba unyevu inabeba maji zaidi ya mara mbili ya hiyo. Filta ambayo kwa Wajerumani inamaliza masaa yake yote, kwa Dar ya mwezi Februari inachoka mapema sana. Kwenye kitabu cha kompresa huwa kuna jedwali la kupunguza masaa kulingana na joto, litafute. Halafu niulizie msimamizi, filta ilibadilishwa lini na imefanya kazi masaa mangapi? Kama hakuna daftari, jibu umeshalipata.

Kwa hiyo cha kufanya ni hivi. Mdomo wa kuvutia hewa upelekwe mbali na juu kwa bomba, upande upepo unakotokea, mbali na jenereta na mbali na pale foklifti zinaposimama zikiunguruma. Kando ya ukuta huwa pana gari la mtu limeegeshwa, hilo nalo mliangalie. Filta mpya. Fundi aikague kompresa yenyewe maana kompresa ikichemka kupita kiasi mafuta yake yanaungua na yanatoa kaboni monoksaidi humo humo ndani, hata kama nje hewa ni safi. Maji yanayojikusanya yamwagwe kila mara wakati inafanya kazi, siyo mwisho wa siku. Mitungi yote imwagwe hewa ya zamani taratibu, nje, penye uwazi, ndiyo ijazwe upya. Kisha hewa ipimwe, kuna vile vijiti vya kioo vinavyobadilika rangi, ni bei ndogo na vinatosha kukupa picha ya haraka, lakini mara ya kwanza ningetaka sampuli iende maabara mpate karatasi yenye namba.

Na hao wawili walioumwa kichwa, maadamu ni juzi na kimeshaacha, kaboni monoksaidi yenyewe imeshatoka mwilini, kwa hewa ya kawaida inapungua nusu kila baada ya masaa manne au matano. Ila ikitokea tena, mtu anaumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au anaongea vitu havieleweki baada ya kuvaa seti au kuvuta moshi, ni hospitali moja kwa moja na mseme wazi kwamba huenda amevuta kaboni monoksaidi. Semeni kwa sababu kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye kaboni monoksaidi, kitaandika 98 na muuguzi atawaambia mko fiti. Kinachotakiwa ni kipimo cha damu, na mgonjwa aanze kuvuta oksijeni ya maski bila kungoja majibu.

Haya, tuje kwenye mtungi "mbovu". Kwanza mle ndani hamna oksijeni tupu. Ni hewa ya kawaida tu kama unayovuta sasa hivi, oksijeni asilimia 21 na iliyobaki karibu yote naitrojeni. Najua mtaani wote tunaita mtungi wa oksijeni, hata wazimamoto wenyewe, lakini msimamizi akiamini jina hilo ipo siku atapeleka mitungi ikajazwe oksijeni ya hospitali au ya kuchomelea vyuma, na oksijeni tupu yenye presha ikikutana na grisi inawaka yenyewe. Mtungi wa hewa unajazwa hewa, basi.

Na hewa safi iliyo kavu haiozi. Iliyojazwa mwaka jana bado ni hewa. Kinachokwisha muda ni mtungi wenyewe, soma lebo yake, mitungi mingi ya kaboni inatakiwa kupimwa kwa presha ya maji kila miaka 5 na mingi ina ukomo wa miaka 15 tangu kutengenezwa. Kinachoweza kuwa kimetokea kwa mwaka mzima ni hewa kuvuja kidogo kidogo. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inataka seti za dharura zikaguliwe kila mwezi na mtungi ujazwe upya ukishuka chini ya asilimia 90, yaani kwenye mtungi wenu ni bar 270. Mimi naona ni sheria nzuri ya kuiga, haina gharama.

Sasa dakika 45. Muuzaji hakudanganya sana, ila alikupa hesabu ya mtu aliyetulia. Lita 6.8 mara bar 300 unapata kama lita 2,040, na kiuhalisia ni pungufu, weka 1,850 hivi, maana hewa ikibanwa kiasi hicho haifuati hesabu za darasani. Gawanya kwa lita 40 kwa dakika unapata 45 na ushee. Lakini lita 40 ni mtu anayetembea kawaida. Mtu anayeburuta mpira wa maji, amevaa koti zito, joto limempanda na roho inamdunda, anakula lita 80, lita 100, mwenye mwili mkubwa au mwenye woga anapita hapo. Halafu filimbi hailii mtungi ukiisha, inalia kwenye bar 55 hivi (za Marekani siku hizi zinalia mapema zaidi, kwenye theluthi moja ya mtungi). Kwa hiyo wewe uliyefika dakika 22 ulikuwa unatumia kama lita 70 kwa dakika. Uko kawaida kabisa, na wala usianze kujisifu.

Mwenzako ndiye wa kuangalia. Dakika 13 kutoka bar 300 mpaka filimbi maana yake lita 115 mpaka 130 kwa dakika. Inawezekana kwa kupumua peke yake bila mvujo wowote, ila ni nyingi, na kabla sijamlaumu yeye ningeuliza jambo ambalo hukuliandika: geji yake ilisoma ngapi wakati anaingia? Kama ilisoma 250, hesabu inashuka mpaka kwenye lita 100 na fumbo limeisha. Na 250 inapatikana kirahisi sana, mtungi ukijazwa haraka haraka unapata moto, geji inaonyesha 300 mnafurahi mnafunga, kesho umepoa umebaki 270, halafu mvujo wa miezi kadhaa umechukua iliyobaki. Jazeni taratibu, uacheni upoe, mwongeze.

Cha pili ni ndevu. Mwenzako ana nusu ya ukweli na nusu hiyo ndiyo hatari. Ni kweli ndani ya maski presha inakaa juu kidogo kuliko nje ili pakiwa na upenyo hewa itoke badala ya moshi kuingia. Lakini hiyo presha ni milibari chache tu. Ukitweta, ule mvuto mmoja wa nguvu unapanda ghafla mara kadhaa ya wastani wako, na kwa sekunde hiyo presha ya ndani inaweza kwenda chini ya sifuri, na moshi unapita kwenye njia ile ile ya ndevu. Na hata usipoingia, hewa inayovuja mashavuni ni hewa ya mtungi wake inakwenda bure, dakika zake zile. Siyo lazima ziwe ndevu ndefu, vile vinyweleo vya jana visivyonyolewa vinatosha kuinua raba. Miwani yenye mikono inayopita chini ya raba ni hivyo hivyo, zipo fremu za kuweka lenzi ndani ya maski. Sasa kama ndevu zake ni za imani sitamwambia anyoe, hilo ni lake, na hakuna mafuta wala gundi wala kukaza mikanda kutakakorekebisha. Asiingie kwenye moshi. Kazi za nje zipo na ni za heshima, pampu, kompresa, ubao wa kuandika nani kaingia saa ngapi na bar ngapi. Huo ubao nitarudi kwake.

Cha tatu ni seti yenyewe kuvuja, na hili unaweza kulipima leo bila kuvuta hewa yoyote. Seti iko mezani, maski haijavaliwa. Fungua mtungi taratibu mpaka mwisho, soma geji, kisha funga mtungi na utazame saa dakika nzima huku macho yako kwenye sindano. Ikishuka zaidi ya bar 10 kwa dakika hiyo, pana mvujo. Paka maji ya sabuni kwenye maungio utaona povu linapotokea, na nakuambia kabla hujaanza, mara nyingi ni ile ringi ndogo ya raba pale mtungi unapofungwa kwenye seti, imekauka, imekatika, au imekalia punje moja ya mchanga. Baada ya hapo, mtungi bado umefungwa, achia hewa kidogo sana kwa kubonyeza kile kidude kinachochomekwa kwenye maski, ukiifuata sindano inavyoteremka, na usikilize filimbi inaanza kulia wapi. Ikianza kati ya 60 na 50, sawa. Ikilia kwenye 30 au isipolia kabisa, seti hiyo haiingii popote. Wakati wa kuvaa, kabla ya kuchomeka hicho kidude, ziba tundu la maski kwa kiganja, vuta pumzi, maski inatakiwa inyonyeke usoni na ibaki hivyo. Na mtungi ufunguliwe mpaka mwisho siku zote, ukifungua nusu unaweza kuufunga mwenyewe kwa kujisugua na ukuta gizani.

Nirudi kwenye ubao. Waingereza walianza kuusimamia kwa ukali baada ya moto wa soko la Smithfield, London, Januari 1958, ambapo wazimamoto wawili waliingia kwenye vyumba vya chini vyenye moshi, hewa ikawaishia humo wakafa. Kutoka hapo kila anayeingia anaacha kitambulisho chake nje pamoja na presha na saa, na mtu wa nje anapiga hesabu kwa niaba yake, maana aliye ndani hawezi. Wajerumani nao wana kanuni nyepesi ya kukumbuka, kurudi kupewe hewa mara mbili ya kwenda. Ukifika unapotaka umetumia bar 60, basi 120 zinabaki ni za kurudia, huzigusi kwa kazi. Hapo ndipo ninapopingana na wengi wanaofundisha kwamba filimbi ndiyo saa ya kutoka. Filimbi ikilia zimebaki kama lita 370, kwa mtu anayetweta lita 100 kwa dakika hizo ni dakika tatu na nusu. Kwenye ghala lenu la magodoro, moshi mweusi, huoni kiganja chako, dakika tatu na nusu zitakufikisha mlangoni? Filimbi ikilia unatakiwa uwe umeshatoka. Na ni wawili wawili siku zote, anayeanza kuishiwa hewa ndiye anayewatoa wote wawili.

Na kwa kuwa ni magodoro, sponji ikiungua inatoa kaboni monoksaidi pamoja na sianidi, gesi nyingine ya sumu kali, hizo mbili zikiwa pamoja hazikupi muda wa kukohoa. Kitambaa chenye maji hakizuii hata moja, wala barakoa za hospitali. Maski za filta nazo haziongezi oksijeni pasipo na oksijeni. Moto ukishazimika mkawa mnachakura mabaki, maski zibaki usoni, najua joto na najua hamu ya kuivua, lakini mabaki yanayofuka ndiyo yenye uchafu mwingi. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, mwaka 2022 liliiweka kazi ya uzimamoto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na masizi mnayobaki nayo kwenye maski na kola ni sehemu ya habari hiyo. Osheni maski kila baada ya kutumia, maji ya uvuguvugu na sabuni laini, suuza, anika kivulini. Usifute kioo kwa petroli wala tina, kinaweka nyufa ndogo ndogo ambazo joto likija ndizo zinazofunguka, maana kioo hicho ni plastiki, kwenye nyuzi 150 hivi kinaanza kulainika. Mitungi isihifadhiwe kwenye kontena linalopigwa jua, na usimalize hewa yote mpaka sifuri ukaacha vali wazi, unyevu unaingia.

Swali la kununua sasa. Usinunue mitungi, bado. Pesa hiyo ikianza na filta, bomba la kuvutia hewa na kipimo cha maabara mtapata zaidi. Njia nyingine ni kujaza kwa wanaojaza mitungi ya wazamiaji, wapo Dar na Zanzibar, wengi wao hewa yao ni nzuri kwa sababu wanaivuta wenyewe chini ya maji, lakini waombe karatasi ya kipimo na ujue kompresa nyingi za kuzamia zinaishia bar 200 au 232. Kwa bar 200 una theluthi mbili tu ya hewa na hesabu zote hapo juu zinashuka, iandike kwenye mtungi kwa herufi kubwa. Mtungi wa kubadilisha ni ule ambao nyuzi za kaboni zimeonekana, umedondoka kutoka juu, umebadilika rangi kwa joto, au tarehe yake imepita. Hapo fundi aliyesomea aushike kwa mikono yake, mimi kwa maandishi siwezi kuupitisha mtungi, na usimkubali fundi wa viyoyozi anayesema ni kitu kile kile.

Zungumzeni pia na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje wawaone mkivaa na kuwapangia ubao, kituo kilicho karibu nanyi ndiko pa kuanzia, na moto wa kweli ukitokea 114 inapigwa kabla ya mtu yeyote kuvaa seti. Ukipata karatasi ya maabara nitumie namba zake, pamoja na ile geji ya mwenzako ilisoma ngapi akiingia.